Hitilafu zipi zirekebishwe kwanza?

SWALI: Mimi na wenzangu wachache tunaendesha programu huria ya hesabu za vyama. Inatumiwa na vikundi vya akina mama hapa Kondele na Nyalenda, hadi Ahero. Sote tunajitolea baada ya kazi. Ripoti za hitilafu zimepita mia mbili, na kila mtu huchukua inayompendeza. Majuzi mmoja alitengeneza rangi za vitufe ilhali michango bado inapotea mtandao ukikatika. Siwezi kumlazimisha mtu nisiyemlipa. Nifanyeje? Na ripoti kuukuu, nizifunge? — Msimamizi, Kisumu

JIBU: Kulazimisha huwezi, na usijaribu, mtu anayejitolea usiku baada ya kazi ukimwamrisha hutamwona tena. Lakini siku ya kutoa toleo jipya mnaiamua nyinyi wasimamizi. Hapo ndipo pa kushika. Kubalianeni kwamba zipo hitilafu ambazo, zisiporekebishwa, toleo halitoki, hata kama mengine yote yamekamilika. Aliyepamba vitufe anataka kazi yake ionekane, kwa hiyo ataanza kuuliza mwenyewe ni nini kinachozuia.

Debian, mfumo wa kompyuta uliojengwa na watu wa kujitolea tangu 1993, huenda hivyo. Ripoti zake zina ngazi saba za uzito, na tatu za juu ndizo huzuia toleo. Kupoteza data ya mtumiaji kumo humo. Kwenu ngazi saba ni nyingi mno. Wekeni mbili tu: inayozuia na isiyozuia.

Kwa programu inayoshika pesa za watu, ningezuia toleo kwa sababu ya michango inayopotea au kuandikwa mara mbili, riba ya mkopo inayokokotolewa vibaya, na mwanya unaomruhusu mtu kuona au kubadili hesabu za chama kisicho chake (huo usiujadili hadharani kabla dawa haijapatikana). Ongeza kitu kilichofanya kazi katika toleo lililopita na sasa kimekataa. Hiki wengi hukidharau, lakini mweka hazina akiharibikiwa baada ya kusasisha programu atarudi kwenye daftari lake, na toleo lijalo hataligusa.

Usipime uzito kwa wingi wa malalamiko. Wanaoandika ripoti ni wenye kompyuta na muda. Mama wa Ahero ambaye jumla ya chama chake haioani na pesa zilizomo kisandukuni haandiki popote. Anampigia simu kijana aliyemwekea programu. Simu hiyo ni ripoti. Aliyeipokea aiandike siku hiyo hiyo: aina ya simu, toleo, na alichobonyeza hatua kwa hatua.

Kazi hiyo ya kupokea na kuchambua ripoti iwe ya zamu, wiki kwa wiki, na mwenye zamu asidaiwe msimbo wowote. Kazi yake ni kuirudia hitilafu kwenye simu yake mpaka aione. Hitilafu iliyokwisha kurudiwa hupata mtu wa kuirekebisha upesi, kwa sababu sehemu inayochosha imemalizika. Kama ilizuka karibuni, Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya bisect inayoigawa historia hiyo nusu kwa nusu: katika mabadiliko 1,000, majaribio kama 10 yatakufikisha kwenye lililoileta.

Kuhusu michango yenu, angalieni kwanza kama simu inafuta rekodi kabla seva haijathibitisha kuipokea. Kisha hakikisheni kila mchango unapewa namba yake ya kipekee hapo hapo kwenye simu. Bila namba hiyo, mkirekebisha upotevu kwa kutuma upya, mtaanza kuandika michango mara mbili.

Ripoti kuukuu msizifunge kwa mkupuo. Muulizeni aliyeripoti kama tatizo lipo bado katika toleo la sasa, mpeni mwezi, na akinyamaza fungeni mkieleza sababu na kwamba inaweza kufunguliwa tena. Zile ndogo zinazoeleweka vizuri, kama tafsiri ya Kijaluo iliyokosewa, ziacheni wazi kwa wageni. Mwanafunzi wa Maseno anayetaka kuanza kuchangia atahitaji pa kuanzia, na hesabu za riba si mahali pake bado.