Ufa Unaorudi Palepale

SWALI: Chila (mtambo wa kupoza maji ya viyoyozi) ya hoteli yetu Mombasa imejazwa gesi mara tatu mwaka huu, na kila mara fundi huziba ufa uleule wa bomba la shaba karibu na kompresa, pampu inayosukuma gesi. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, shaba inayotikiswa mchana kutwa huchoka, kwa hiyo kuziba ufa bila kutuliza mtikisiko ni kutwanga maji kwenye kinu. Kagua kwanza mipira ya miguu ya kompresa, ambayo hukakamaa kwa joto, na klempu (vibanio vya bomba) zilizolegea. Vumbi lililolowa mafuta huonyesha mahali gesi inapovujia, na povu la sabuni huthibitisha. Kipande kilichochoka kikatwe chote, kipya kichomelewe huku naitrojeni ikipita ndani polepole, kisha hewa ivutwe kutoka kwenye mfumo hadi shinikizo lililobaki ndani lishuke chini ya mikroni 500 (kipimo cha ombwe) kabla ya kujazwa gesi kwa mizani.