Saladi ya kuku isiyotoa maji (na ile iliyonidhalilisha)

Juzi niliamka nikakuta ujumbe wa msomaji, mstari mmoja tu: "Shikamoo dada, saladi yangu ya kuku na zabibu kila nikiitengeneza inageuka supu, nakosea wapi?" Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu supu hiyo naijua. Nimeipika, nimeibeba kwenye bakuli la kioo, nimeiweka mezani mbele ya ukoo mzima wa mume wangu.

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu, ila kaa kwanza nikusimulie.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, na mama mkwe alikuwa anatimiza miaka 60. Wifi yangu mkubwa ndiye aliyegawa kazi: huyu alete wali, yule alete keki. Mimi akaniambia nilete "kitu chepesi tu", kwa sauti ya mtu asiyetarajia makubwa. Nikaapa moyoni kwamba siku hiyo watanijua. Nilikuwa nimeona picha ya saladi nyeupe laini, vipande vya kuku vimejificha ndani ya mayonezi, aprikoti kavu zinang'aa kama shanga, lozi zimetawanywa juu. Nikasema hiyo hiyo.

Siku yenyewe nikachelewa kuamka. Kuku nilimtokosa kwa moto mkali karibu saa nzima, maana niliogopa asije akawa mbichi ndani. Nikamtoa anafuka mvuke, nikamkatakata hivyo hivyo huku naungua vidole, nikammwagia mayonezi. Zabibu zilikuwa zimelala kwenye maji usiku kucha. Nikazichota kwa kiganja pamoja na maji yake. Seleri nikaikata na kuitia chumvi nyingi. Lozi nazo humo humo. Nikakoroga, nikafunika kwa mfuniko unaobana, tukaondoka. Njia nzima nimelipakata bakuli kama mtoto mchanga.

Zaidi ya saa tatu baadaye, wifi ndiye aliyefunua. Juu palikuwa na dimbwi jeupe, mafuta yameachana na maji yanaelea pembeni, na lozi zimelegea kama maharage ya jana. Akatumbukiza kijiko, akakiinua, kikachuruzika. "Wifi," akasema, "hii tunaila kwa uma au mtuletee vikombe?" Watu wakaangua kicheko. Mjomba wake mmoja akaongezea: "Na tangu lini zabibu zikaolewa na kuku?" Mume wangu naye akacheka. Ni miaka sita sasa, na siku nikichoka sana bado nakisikia kicheko kile. Si cha wifi. Cha mume wangu.

Bakuli lilirudi nyumbani limejaa, nikalimwaga lote. Na ilikuwa sawa kulimwaga, ingawa wakati huo nilifanya kwa hasira: kuku aliyepikwa na kuchanganywa na mayonezi hatakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na kama joto limepita nyuzi 32, saa 1 tu. Wangekula ile saladi yangu pengine tungekutana tena hospitalini. Dhihaka zao ziliokoa matumbo yao, na hakuna aliyenishukuru.

Majaribio ya miaka iliyofuata sitawachosha nayo. Turukie wiki mbili zilizopita: nyumba ile ile, bakuli lile lile la kioo, na safari hii lilirudi tupu, limepanguswa kwa mkate hadi kwenye kona. Nasema hivi bila kujivuna. Sawa, kwa kujivuna kidogo.

Sasa jibu lako. Adui wa saladi hii ni maji, na maji yanaingia kwa milango mingi kuliko unavyodhani. Mimi niliifungua yote kwa siku moja.

Mlango wa kwanza ni kuku mwenyewe. Kidari kikipikwa kupita kiasi, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake nje, ndiyo maana unapata nyama kavu inayoogelea. Mimi sasa natumia vidari viwili vikubwa, kama gramu 600, kwa watu wanne hadi sita. Naviweka kwenye maji baridi yenye chumvi na nusu kitunguu, nawasha moto wa wastani, na maji yakianza tu kutetemeka napunguza moto. Yatetemeke, yasichemke kwa fujo. Dakika 12 hadi 15 mara nyingi zinatosha, lakini dakika ni za kukisia. Cha kuamini ni kipimajoto. Kichome sehemu nene kuliko zote, kikisoma nyuzi 74 kuku ameiva na ni salama. Kifaa hiki kidogo kiliponya woga wangu wa kuku mbichi, woga ulionifanya nimtokose saa nzima yule maskini wa siku ya kuzaliwa. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu cha jikoni mwaka huu, nunua hicho.

Mlango wa pili ndio mkubwa, na ndio ulioniangusha: nilimchanganya kuku wa moto. Mayonezi ni mafuta yaliyogawanywa kuwa vitone vidogo mno ndani ya maji kidogo ya ndimu au siki, na kiini cha yai ndicho kinachovizuia vitone hivyo visirudiane. Ukiimwagia nyama inayofuka, inakuwa nyepesi, na mara nyingi mafuta yanajitenga. Ukifunika juu yake, mvuke unagonga mfuniko, unakuwa maji, unadondoka ndani. Yaani nilikuwa nimetengeneza mvua yangu mwenyewe ndani ya bakuli.

Kwa hiyo poza kuku. Akishatoka kwenye maji mwache dakika 10, mchambue kwa vidole angali vuguvugu kwa sababu hapo nyuzi zinaachana kwa urahisi, kisha mtandaze kwenye sahani pana bila kumrundika na bila kumfunika. Mvuke ukiisha mwingize kwenye friji, kama saa nzima. Mguse. Kama kiganja kinahisi uvuguvugu wowote, bado. Najua una haraka, wageni wako njiani, bado. Mimi maisha yangu yote nimeambiwa haraka haraka haina baraka na haikunisaidia kitu, kwa sababu nilichohitaji ni mtu wa kuniambia dakika ngapi. Nimekuambia: saa nzima.

Mlango wa tatu ni matunda na mboga. Zabibu na aprikoti kavu zilizokakamaa ziloweke dakika 10 tu kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone ya limau, halafu zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi kama unayekausha vyombo vya mgeni. Zikiwa laini tangu mwanzo usiziloweke kabisa, zitajinywea unyevu wa mchuzi zenyewe na kukusaidia. Seleri ioshe, ifute, ikate, usiitie chumvi peke yake, kwani chumvi inavuta maji kutoka kwenye mmea. Nilishawahi kuweka tende, nikaziacha. Utamu wake unafunika kila kitu na saladi inakuwa kama kitu cha kulia na chai.

Mchuzi si jambo kubwa. Nusu kikombe cha mayonezi, robo kikombe cha mtindi mzito uliochujwa (ukiwa mwepesi umefungua mlango mwingine), kijiko kikubwa cha maji ya limau, kijiko kidogo cha haradali, pilipili manga. Onja. Usimwage wote kwa mara moja. Anza na theluthi mbili uone kuku anataka nini.

Lozi ndizo za mwisho, na nikisema za mwisho namaanisha wageni wameshakaa. Zikaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tano hadi saba huku unazigeuza, au zitie kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa dakika 8 hadi 10. Zikianza kunukia ziondoe kwenye kikaango mara moja, maana chuma kinaendelea kuzipika hata moto ukizimwa. Ziache zipoe, zipasue, zitawanye juu wakati wa kupakua. Lozi iliyolala usiku ndani ya mayonezi haivunjiki tena, inatafunika tu. Korosho hali ndiyo hiyo hiyo. Na kabla hujatawanya, uliza kama mezani kuna mtu anayedhurika na njugu za aina hiyo. Si suala la kuchagua chakula. Kuna watu inawaziba pumzi. Mimi huziweka kwenye kibakuli cha pembeni, kila mtu ajichotee.

Ukishachanganya, bila lozi, irudishe kwenye friji saa moja nyingine, kisha uonje tena kabla ya kupeleka mezani. Baridi hufifisha ladha. Chumvi iliyotosha jikoni inaweza kupungua mezani. Ikibaki, ifunike na kuiweka kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, uile ndani ya siku tatu, nne. Usiigandishe. Mayonezi ikiganda na kuyeyuka inaachana, utaniandikia tena.

Mjomba naye alipata jibu lake, japo nilimjibu kwa kuchelewa miaka sita. Zabibu na kuku, nilimwambia, au niseme aprikoti na kuku, waliolewa zamani. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa kuwa malkia wa Uingereza, wageni waliandaliwa kuku baridi katika mchuzi wa mayonezi wenye binzari na aprikoti, kazi ya Rosemary Hume na Constance Spry, waliokuwa na shule ya upishi London, na chakula hicho kinaliwa hadi leo. Hata matunda na mayonezi walishazoeana: saladi ya hoteli ya Waldorf ya New York, ambayo msimamizi wake Oscar Tschirky aliiandika mwaka 1896, ilianza na tufaha, seleri na mayonezi tu. Njugu ziliongezwa na wengine baadaye. Mjomba alitafuna kwa muda, akasema, "Haya." Kwa mjomba hilo ni hotuba.

Na hapa nataka niseme jambo na nyinyi mnaonisoma, maana najua wengi wetu tunataka kitu kimoja: bakuli lirudi tupu. Tunanunua mayonezi ya bei, tunatafuta lozi za kutoka mbali, tunapiga picha kabla watu hawajala, halafu tunashindwa kumsubiri kuku apoe. Tunachoonyesha ni haraka yetu. Mpishi asiyeweza kukaa saa moja bila kufunua friji anatafuta sifa, si chakula, na sifa ndiyo niliyoifuata mimi siku ile, ikanipa kijiko kinachochuruzika mbele ya wakwe. Pozeni kuku, jamani. Nimeshasema, narudia.

Mdogo wangu, jaribu Jumamosi usipokuwa na mgeni yeyote, uniandikie.

Ah, nirudi kidogo kwa lile bakuli tupu. Tulipokuwa tunaosha vyombo wifi alisogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, hii uliinunua?" Nikamwambia nimeitengeneza mwenyewe. Akakausha sahani mbili, tatu, kisha akasema, "Basi niandikie." Nikamwandikia kwenye simu pale pale: vidari, nyuzi 74, limau, haradali, lozi mwishoni. Sehemu ya kupoza niliisahau. Tuseme niliisahau. Jana amenipigia akiuliza kwa nini yake imetoa maji, nikamwambia niko barabarani, nitampigia.

Bado sijampigia.