Laiki 900, mteja hakuna: maswali yenu kuhusu mitandao, redio na magazeti

Maswali ya wiki hii yametoka Nakuru, Kisumu, Siaya, Kakamega na Bungoma. Mengi yanahusu pesa ya tangazo iende wapi, na mengine yanauliza habari ya nani iaminiwe.

Natengeneza sofa. Nililipia Facebook shilingi 3,000 waisambaze picha ya kazi yangu. Nilipata laiki 900, nyingi za watu wa Mombasa na hata nje ya nchi. Hakuna aliyefika karakana. Nimeibiwa? – Fundi, Free Area, Nakuru

Hujaibiwa, fundi. Umepewa ulichoagiza bila kujua umekiagiza. Facebook huuza nafasi za matangazo kwa mnada, na mitambo yake humtafuta mtu anayeelekea kufanya lile jambo lililochaguliwa kuwa lengo. Lengo likiwa laiki, itawatafuta wapenda laiki, wawe Likoni au Lodwar, kwa sababu hao ni wengi na bei yao ni ndogo. Mtu wa Nakuru anayetaka sofa mwezi huu ni adimu, na kumfikia ni ghali zaidi.

Safari ijayo, kabla ya kubonyeza kitufe cha Boost, badilisha mambo matatu. Kwanza lengo: chagua kupokea ujumbe wa WhatsApp. Pili eneo: futa "Kenya", chomeka pini kwenye karakana yako, kisha panua duara hadi kilomita 20 hivi, ushike Lanet, Njoro na Bahati. Tatu muda: shilingi 3,000 kwa siku sita ni 500 kwa siku, na hiyo inafanya kazi. Ukizinyoosha hadi siku 30, kila siku inabaki na 100, na mitambo haipati majibu ya kutosha kujifunza nani hununua. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16, kwa hiyo tenga 3,480. Kama huna kadi ya benki, ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022 inalipa bila shida.

Halafu tazama picha yenyewe. Tunaona picha nyingi za sofa nzuri zisizo na neno hata moja juu ya bei. Andika: "Sofa ya L, watu saba, mbao ya saiprasi, sponji inchi 6, bei hii, kupelekewa ndani ya mji hii." Mtu akiuliza bei kwenye maoni, mjibu palepale. Ukimwambia "njoo inbox", jua kwamba ameshawauliza mafundi wengine watatu, na wa kwanza kutaja bei ndiye atakayepigiwa simu. Hakikisha pia namba iliyo kwenye ukurasa ndiyo iliyo mfukoni mwako. Ujumbe uliojibiwa kesho yake ni pesa iliyomwagika.

Nauza mbegu na mbolea Kimilili. Wateja wangu ni wakulima, wengi wamepita miaka 50. Mwanangu anasema redio imekufa, pesa yote iende TikTok. Nimsikilize? – Mzee wa agrovet

Mzee wetu, kijana anawajua vijana wenzake, na kwao anasema kweli. Lakini mteja wako ana jembe mikononi na redio ndogo kwenye tawi la mparachichi. Video inataka macho na bando. Redio inataka sikio tu, na kazi inaendelea. Kwa biashara yako tungeweka sehemu kubwa ya pesa redioni, hasa redio inayosema lugha ya nyumbani.

Usichague stesheni kwa sababu ya umaarufu wake. Kwa wiki moja, muulize kila anayenunua anasikiliza nini na saa ngapi, uandike. Huenda ikawa Sulwe, Mulembe, West FM au Citizen, daftari litakuambia. Ukinunua tangazo kwenye stesheni inayosikika nchi nzima unawalipia pia wasikilizaji wa Kwale, ambao hawatakuja Kimilili kamwe. Jaribu mawimbi pia, kwa kuwa FM husafiri kama mwanga, na kijiji kilicho nyuma ya kilima kinaweza kukosa stesheni ambayo mjini inasikika vizuri. Tembea na redio ya simu mpaka Tongaren usikilize mwenyewe.

Wakati ndio nusu ya kazi. Mvua ndefu huanza Machi, na mkulima huamua mbegu anapolima, si anapopanda. Anza katikati ya Februari. Mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kunashinda mara moja kwa siku kwa wiki sita, maana mtu hukumbuka alichorudiwa karibu karibu. Omba saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na jioni watu wanaporudi. Omba pia tangazo lako liwe la kwanza au la mwisho katika kundi, kwa sababu la nne kati ya sita husikika kama kelele. Kama bei inakubali, mtangazaji alisome mwenyewe moja kwa moja hewani. Sauti yake wanaijua kama ya jirani, na hilo ndilo jambo ambalo tangazo la simu halijaweza kuliiga.

Sekunde 30 za Kiswahili hubeba maneno yasiyozidi 60. Mfano:

"Mkulima wa Tongaren, mvua iko mlangoni. Mbegu ya mahindi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia ziko tayari dukani kwetu Kimilili, mkabala na stendi ya matatu. Kila mfuko wa mbegu una kibandiko cha KEPHIS: kwangua, tuma namba kwa 1393, ujue kama ni halali kabla hujalipa. Tunafungua saa moja asubuhi, Jumapili pia. Kimilili, mkabala na stendi ya matatu."

Mahali pametajwa mara mbili, na namba ya simu ya duka haimo kabisa, kwa kuwa aliye shambani hana kalamu. Hofu ya mbegu bandia imejibiwa kabla hajaiuliza, kwa kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Wengi hukosea wanapotaka kutaja kila kitu kilicho dukani, kisha msomaji analazimika kukimbia na hakuna linaloshikika.

Dai orodha ya tarehe na saa ambazo tangazo lilirushwa kabla ya kumaliza malipo, na umweke mtu mmoja nyumbani wa kusikiliza. Kisha chora safu tatu daftarini: redio, simu (matangazo ya kulipia ya mitandaoni), ameambiwa na mtu. Kila mteja mpya mpe alama. Tuseme redio ilikula 24,000 ikaleta wapya 60: kila mmoja amekugharimu 400. Simu ikala 6,000 ikaleta 10: kila mmoja 600. Hesabu inaweza kugeuka upande wa pili, nasi hatutashangaa, lakini utakuwa umeijua kwa daftari na si kwa ubishi wa mezani. Na kijana mpe kazi: apige picha mashamba ya wateja, mahindi yakiwa magotini na yakiwa yamebeba, aweke kwenye TikTok na status ya duka. Haigharimu kitu, na wajukuu huwaonyesha babu zao.

Kijana wa TikTok mwenye wafuasi 80,000 anataka 15,000 kwa video moja ya mkahawa wangu wa samaki. Nimlipe? – Dunga, Kisumu

Wafuasi si kipimo, mama. Mwambie afungue takwimu za akaunti yake mbele yako, si picha aliyoikata, akuonyeshe watazamaji wake wako miji gani na video zake kumi za mwisho zilitazamwa mara ngapi kila moja. Akiwa na wafuasi 80,000 na video zake zinaishia kutazamwa mara 900, wafuasi hao wamenunuliwa au wamelala. Wengi wao wakiwa nje ya Kisumu, hawali samaki kwako Jumamosi hii.

Takwimu zikikaa sawa, mlipe nusu sasa na nusu video ikishatoka. Mpe neno la siri ambalo mteja akilitaja anaongezewa kachumbari, ndipo ujue wangapi ni wake. Andikeni pia kwamba una ruhusa ya kuitumia video hiyo kwenye ukurasa wako, na kwamba atasema wazi amelipwa. Watu wa Kisumu wakigundua sifa za mbuta wako zilikuwa za kununuliwa na zikafichwa, lawama itakuangukia wewe.

Baba yetu mdogo ametuacha. Jamaa wako Siaya, Nairobi na Eldoret. Vijana wanasema WhatsApp inatosha, wazee wanataka redioni. Pesa ni kidogo. – Familia, Siaya

Poleni sana. Msiwanyime wazee hilo. Kwa mtu wa umri wao, jina la marehemu kusomwa redioni ndiko kuitwa rasmi. Rafiki aliyefanya kazi naye miaka ya themanini hayumo kwenye kundi lenu lolote, na redio ndiyo itakayomfikia.

Pale wanapotoza kwa urefu, kinachokula pesa ni orodha ya watoto, wakwe na wajukuu. Wekeni jina lake kamili pamoja na lile alilojulikana nalo kijijini, kijiji na kata, mwili uko wapi, siku ya mazishi. Majina yote ya ukoo yaende kwenye tangazo la WhatsApp, ambako hayalipiwi. Anayepeleka stesheni aende mapema, na kitambulisho na nakala ya kibali cha mazishi, asije akarudishwa.

Kwenye WhatsApp kuna hatari mbili. Ya kwanza ni tarehe. Tangazo likishatoka na Ijumaa, halafu mkaamua Jumamosi, lile la kwanza litaendelea kutembea na hamtalikamata. Msitoe chochote kabla kikao cha familia hakijafunga tarehe. Ya pili ni mchango: matapeli huchukua tangazo lile lile wakabadilisha namba. Chini ya namba andikeni jina litakalotokea mtu akituma kwa M-Pesa, na muandike "jina likiwa jingine, usitume". Na kabla ya yote, wapigieni simu dada zake na watoto wake. Hakuna mtoto anayepaswa kuujua msiba wa babake kupitia status.

Natuma bei za mitumba kwa orodha ya broadcast ya WhatsApp, watu 256. Wanaojibu hawafiki 20. – Soko la Kibuye, Kisumu

Ujumbe wa orodha hiyo humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Huenda wengi hawajaihifadhi. Mteja akilipa, mwombe aihifadhi palepale mbele yako, kwa jina la kibanda. Tuma Ijumaa jioni na Jumamosi, kabla ya soko kubwa la Jumapili, picha nne au tano zenye saizi na bei. Ukituma picha 30 kila siku utazimwa sauti.

Nimetumiwa picha ya ukurasa wa gazeti inayosema kaunti inaajiri wahudumu wa afya 500, fomu ni 350 kwa M-Pesa. Logo ni ya gazeti lenyewe. Nitume? – Muuguzi, Kakamega

Usitume. Kazi ya umma hailipiwi fomu, na hilo pekee linatosha. Lakini jifunze kukagua, maana nyingine zitakuja bila kutaja pesa mwanzoni. Tazama juu ya ujumbe: mishale miwili pamoja inamaanisha umepita mikononi mwa wengi, na tangu 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe wa aina hiyo kutumwa kwa kundi au mtu mmoja kwa mara moja. Kisha tafuta tangazo kwenye tovuti ya kaunti yenyewe, inayoishia .go.ke. Matangazo ya serikali ya kitaifa hutoka katika gazeti la MyGov kila Jumanne. Picha ya ukurasa wa gazeti si gazeti. Logo hunakiliwa kwa dakika mbili. Nenda kwa muuza magazeti, taja tarehe iliyo kwenye picha, ufungue ukurasa huo.

Gazeti nalo hukosea, na wakati mwingine vibaya. Tofauti ni kwamba lina mhariri mwenye jina na ofisi, na akikataa kusahihisha, unaweza kumshtaki kwenye Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Aliyekutumia ile picha hajui nani aliianzisha.

Naweka picha za wateja niliowasuka kwenye Instagram. Mmoja amenijia juu. Ana haki? – Salon, Kisumu

Anayo, dada. Picha ya mtu ni data yake chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuitumia kuuza kunataka idhini. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza klabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambao wazazi hawakuulizwa. Iondoe leo, umwandikie kwamba umeiondoa. Kisha weka daftari karibu na kioo: jina, tarehe, "nimekubali picha yangu itumike Instagram", sahihi. Asiyetaka, piga kisogo tu, na uso usionekane kwenye kioo. Aliyekubali mwezi jana akibadili nia leo, unatoa. Kwa mtoto, sahihi ni ya mzazi.