Kwa nini kasino za Marekani ziliwekwa kwenye boti

Kwa nini kasino hizo hazikujengwa tu nchi kavu? Sheria za majimbo mengi zilikataza, na mto ukawa mlango wa nyuma. Jimbo la Iowa lilipitisha sheria ya kuruhusu kasino za boti mwaka 1989, boti zikaanza kazi Aprili 1991: dau lisizidi dola 5, na ukishaliwa dola 200 kwa safari moja, basi. Wanasiasa waliinadi kama utalii, eti kurudisha enzi za meli za mvuke za karne ya 19. Enzi hizo matapeli wa karata walijaa, na watu walikuwa wamewachoka. Katika mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, mwaka 1835 raia waliwanyonga wacheza kamari 5 bila kesi!

Jimbo jirani la Illinois halikuweka mipaka ile ya dau na hasara, wateja wakafuata huko, na mwaka 1994 Iowa ikaifuta. Jimbo la Mississippi halikudai hata boti zisafiri, kasino zilielea tu gatini. Kimbunga Katrina kilipozirusha baadhi yake nchi kavu mwaka 2005, ndipo zile za pwani zikaruhusiwa kujengwa ardhini, ndani ya futi 800 kutoka majini.

Mvuto? Muziki, mandhari ya mto, chakula. Kwa mwenye kasino, enzi za boti zilizosafiri, raha ilikuwa kwamba boti ikishang'oa nanga mteja hakuwa na pa kwenda.