Shajara ya kila siku: maswali ya wanaoanza

Wasomaji kadhaa wa Mombasa na vitongoji vyake wameniandikia wakiuliza namna ya kuanza kuandika shajara, lile daftari la mambo ya kila siku ambalo wengi wetu tuliliacha tulipomaliza shule. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Assalamu aleikum mwalimu. Kila Januari nanunua shajara nzuri yenye jalada gumu, naandika wiki moja, ikizidi sana mbili, halafu naiacha. Safari hii nifanyeje niendelee? – Muuza duka, Likoni

Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza usingoje Januari. Pili, achana na jalada gumu. Daftari la bei ghali humtisha mwenyewe: anaogopa kulichafua kwa mambo ya kawaida, na mambo ya kawaida ndiyo hasa yanayotakiwa humo. Nunua daftari la shule la kurasa 96, la mistari, pamoja na bairo.

Kisha tafuta jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu, uandike papo hapo. Ukisema "nitaandika usiku", usiku una kazi zake na utakushinda. Sema hivi: nikishuka feri, nikafika nyumbani na kuteleka maji ya chai, naketi naandika mpaka yachemke. Maji ya vikombe viwili yatakupa dakika chache, nazo zatosha. Daftari likae hapo hapo jikoni karibu na kopo la majani ya chai. Ukilifungia kabatini, siku ukiwa umechoka hutalifuata.

Na usikate tamaa mapema. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojizoesha jambo moja jipya kila siku, mfano kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo likawa mazoea, lakini watu hawakulingana kabisa: makadirio yalianzia siku 18 yakafika 254. Wewe wiki ya pili ndiyo unayoachia, yaani hata nusu ya njia hujafika. Walibaini pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Mimi naendesha tuktuk. Siku zangu zote ni moja: abiria, mafuta, polisi, nyumbani. Nikishika kalamu sioni la kuandika. – Dereva, Bamburi

Kaka, hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama wakadhani hawana kipaji.

Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Mombasa. Alilala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Miaka mingi baadaye, aliporudi kwao, alimsimulia karani safari zake zikaandikwa. Na alikumbuka nini kuhusu sisi? Alisema watu wa hapa chakula chao zaidi ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje ya kisiwa. Misikiti yao ni ya mbao, imejengwa ikajengeka. Kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, na mlangoni pametandikwa kipande cha mkeka mzito cha kujipangusia. Watu wote walitembea miguu mitupu.

Hayo ni karibu miaka mia saba iliyopita. Aliyoyaona ni watu wanaosha miguu, basi, jambo ambalo mwenyeji wa siku hizo asingeona sababu ya kulitaja. Lakini kwa sababu alilitaja, leo mtu wa Mombasa anaweza kusimama mbele ya mlango ule.

Kwa hiyo shajara yako isianze na swali "leo nimejisikiaje?" Ianze na kitu kimoja ulichokiona, ulichokisikia au ulichokinusa, na bei yake kama kina bei. Tazama tofauti. Mtu aandika hivi:

"Leo kazi ilikuwa ngumu, nimechoka, lakini Mungu ni mwema."

Ni maneno ya kweli, wala simkosoi aliyeyaandika. Shida ni kwamba yangefaa siku yoyote ile, na mwakani ukiyasoma hayatakurudishia lolote. Sasa soma haya:

"Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Nimebeba mama mmoja na beseni la mahamri kutoka Kiembeni. Alilifunika kwa leso yake, akaloa yeye. Tulipofika akanipa mahamri mawili juu ya nauli. Yalikuwa bado ya moto."

Uchovu umo, shukrani imo, na hakuna aliyelazimika kuvitaja. Hiyo ndiyo kazi yote, na wewe unayezunguka na watu wapya kutwa nzima una mali nyingi kuliko mtu anayeketi ofisini. Siku ukibanwa kabisa jiulize swali moja tu: nani leo kasema neno ambalo bado nalikumbuka? Au: njiani kumebadilika nini tangu wiki jana, duka lililofungwa, mwembe uliokatwa? Au: nimekula nini, na nani? Chagua moja. Ukijaribu kuyajibu yote utageuza shajara kuwa mtihani.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sisi tu watu saba. Nikiandika ya moyoni yatasomwa. Nifanyeje? – Mama wa watoto wanne, Majengo

Mama, hofu yako ina msingi. Anayeogopa kusomwa huanza kujipamba kwenye karatasi yake mwenyewe, na shajara ya namna hiyo haimfai mtu.

Watu wametafuta njia tangu zamani. Samuel Pepys, ofisa aliyesimamia mambo ya jeshi la majini la Uingereza, aliandika tangu tarehe 1 Januari 1660 hadi 31 Mei 1669, karibu yote kwa hati mkato, yaani alama fupi za kuandikia haraka ambazo si kila mtu aliweza kuzisoma. Alipofariki, madaftari yake yalikaa zaidi ya miaka mia moja kabla hayajasomwa na kuchapishwa. Sisi nasi tuna hati ya Kiarabu, ambayo wazee wetu wa pwani waliandikia Kiswahili kwa karne nyingi. Ila ikiwa watoto wako wote wamepita madrasa, hiyo haitawazuia.

Njia rahisi zaidi: chukua daftari la matumizi ya nyumba, lile la unga na mafuta na ada za shule, uandike shajara kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele. Watu usiwataje kwa majina. Pia una ruhusa ya kuandika kisha ukachana. Faida ya kuandika haipotei kwa kuwa karatasi imeingia kwenye jiko la makaa.

Lakini kabla ya hayo yote, sema. Waite watoto na baba yao mchana kweupe, uwaambie: daftari hili ni langu, msilifungue. Nyumba nyingi jambo hili halijawahi kutamkwa, na watu huvunja mpaka ambao hawakuuona.

Na nitasema jambo moja kwa uzito. Kama nyumbani kuna mtu ambaye akisoma atakudhuru, usiache maandishi humo hata siku moja. Hapo linalotangulia ni usalama wako. Tafuta mtu unayemwamini umweleze kwa mdomo.

Wazazi wa vijana, nanyi mnanisoma: daftari la binti yako si la kukaguliwa kama mkoba wa shule. Ukiwa na wasiwasi naye, muulize.

Daftari au simu? – Mwanafunzi wa chuo, Tudor

Kile utakachokitumia. Mimi napendelea karatasi, kwa sababu simu ukiishika kuandika mistari minne, ujumbe wa watu sita umeshaingia. Ukichagua simu, tia neno la siri na uhifadhi nakala mahali pengine, maana simu huibwa. Ukichagua karatasi, jua joto letu: wino wa jeli hupaka na kiganja chenye jasho, bairo ya kawaida huvumilia. Weka karatasi kavu chini ya mkono unapoandika, na wakati wa masika usiliache daftari dirishani.

Mwalimu wetu anasema shajara iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Nyumbani tunasema Kimvita, na wenzangu tunasema Sheng. – Kidato cha tatu

Mwanangu, ile ya darasani ni ya mwalimu, fuata asemavyo upate alama zako. Ya kwako iandike kama unavyosema. Muyaka bin Haji, mshairi aliyeishi mji huu miaka mia mbili iliyopita, alitunga kwa Kimvita cha mtaani kwao, na tungo zake nyingi tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya baada ya mwenyewe kufariki. Bibi yako akisema neno ambalo hujalisikia kwingine, liandike vile vile alivyolitamka. Ndani ya daftari lako hakuna wa kukusahihisha.

Nafanya shifti ya usiku bandarini. Narudi asubuhi wengine wakianza siku. Niandike tarehe ipi? – Kilindini

Hesabu yetu ya asili huanzisha siku magharibi, kwa hiyo shifti yako yote iko ndani ya siku moja. Lakini usihangaike sana na hilo. Andika ukirudi, kabla ya kulala, tarehe ya asubuhi hiyo, na ushikilie hivyo hivyo kila mara.

Nilikosa wiki tatu nzima. Nijazie nyuma? – Mtwapa

Hapana. Andika tarehe ya leo uendelee. Anayejaribu kulipa deni la wiki tatu ndiye anayeacha kabisa.

Baba alifariki miezi minne iliyopita. Nilishauriwa niandike, lakini kila nikiandika nalia na usingizi unakata. Niendelee? – Kijana, Mikindani

Pole sana mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba.

Kulia unapoandika si dalili kwamba umekosea. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi. Waliwaandikisha dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, baadhi yao juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Hao waliinuka kwenye kiti wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoketi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tafiti zilizokuja baadaye zinaonyesha kwamba faida ipo, ila ni ndogo, na si kwa kila mtu. Nakwambia hivyo ili usijilaumu ikiwa kwako haifanyi kazi.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni saa: usiandike haya kitandani. Andika alasiri, dakika 15, funga daftari, kisha utoke ukakae na watu, hata iwe ni barazani kwa kahawa chungu tu. La pili, soma ulichoandika wiki hii. Ukiona sentensi ile ile inarudi kila siku, "ningempeleka hospitali mapema", "ningempeleka mapema", hapo kalamu inazunguka mahali pamoja. Wacha maumivu kwa siku chache, uandike habari za baba mwenyewe. Alifungaje kikoi chake? Aliitaje jina lako akiwa na haraka? Samaki gani alimnunua Ijumaa, na kwa nani? Utalia bado, lakini siku ile utakuwa umekaa naye.

Na kama huli, hulali wiki baada ya wiki, au unapitiwa na fikra za kutotaka kuishi, usingoje daftari likuponye. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, na mwende hospitali pamoja. Huzuni nayo ina madaktari wake.

Nina miaka 68, nimestaafu. Siku zangu zimetulia, na macho yamepungua. Si nimechelewa? – Mzee, Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa, na tena wewe una daftari mbili ndani yako. Mstari mmoja uwe wa leo: nani alipita kukusalimu, upepo ulivuma kutoka wapi, kama kusi imeshaingia. Mstari wa pili uwe wa zamani. Kabla ya daraja la Nyali tulilo nalo, lililofunguliwa mwaka 1980, watu wa Kisauni walivukia daraja la kuelea. Wewe ulikuwa kijana. Lilitikisika vipi chini ya miguu, au chini ya basi? Ulivuka na nani, kwenda wapi, umevaa nini? Wajukuu wako hawana mtu mwingine wa kumuuliza.

Kwa macho, nunua kaunta buku kubwa, uandike kwa kalamu nyeusi na kuruka mstari mmoja kila unapoandika. Keti karibu na mlango saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mkono ukichoka, mwite mjukuu mmoja, umsimulie yeye aandike, na mwambie asirekebishe maneno yako.