Taimulapsi isiyorukaruka: maswali yenu kuhusu ffmpeg

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu taimulapsi, zile video ambamo bahari hujaa au jua huzama kwa nusu dakika. Wengi walioandika wanaziunganisha picha kwa kuandika amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Programu wanayoitumia ni ffmpeg, ambayo ni ya bure na inakwenda kwenye Linux, Windows, Mac na hata simu ya Android. Kila amri hapa chini iandikwe mstari mmoja, hata kama ukurasa umeikata.

SWALI: Nataka kupiga bahari ikijaa, kuanzia ufuo mkavu mpaka mawimbi yagonge ukuta. Kila picha ipigwe baada ya sekunde ngapi? Nimeambiwa sekunde 5 zinafaa kwa kila kitu. (Msomaji, Tanga)

Sekunde 5 zinafaa mawingu. Kwa maji ya bahari utajaza kadi bure. Hesabu ianzie kwenye video unayoitaka, ndipo urudi nyuma kwenye kamera. Video ya sekunde 30 kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kila sekunde inataka picha 750. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika 12 hivi, yaani sekunde 22,320. Gawa kwa 750, unapata karibu sekunde 30 kati ya picha na picha. Ukipiga kwa kipindi hicho utakuwa na picha 744. Kama kila moja ina megabaiti 8, andaa gigabaiti 6 za nafasi.

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maana ndipo maji hupanda mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na video haitakuwa na mvuto. Jua pia kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni na mwishoni yanakawia, katikati yanakimbia. Ndiyo maana taimulapsi nyingi za bahari huanza kama picha iliyoganda. Ruka nusu saa ya kwanza na ya mwisho, yaani picha 60 kila upande:

`ffmpeg -framerate 25 -start_number 60 -i p_%05d.jpg -frames:v 624 -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p bahari.mp4`

Amri hii inachukulia kuwa picha zako zinaitwa p_00000.jpg, p_00001.jpg na kuendelea. Utapata sekunde 25 ambazo maji hayasimami. Tripodi uiweke juu ya mwamba au sakafu ya saruji. Mchanga uliolowa huzama taratibu chini ya miguu yake, na upeo wa bahari utaonekana ukiinama wakati maji yanapanda.

SWALI: Nimefunga kila kitu kwenye kamera: ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), shata (muda wa kupokea mwanga), tundu la lenzi na rangi. Bado video inapepesa kama taa inayotaka kuungua. Nini kimebaki? (Msomaji, Nairobi)

Kimebaki tundu la lenzi lenyewe. Kwenye kamera nyingi, visu vya tundu hukaa wazi wakati wote, kisha hujifunga hadi f/8 au f/11 (namba ikipanda, tundu linapungua) kila picha inapopigwa na kufunguka tena. Havirudi mahali palepale kila mara. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukitazama picha mojamoja huioni, lakini zikipita 25 kwa sekunde, jicho linaikamata mara moja.

Dawa ya kweli iko kwenye kupiga. Fungua tundu hadi mwisho, kwa mfano f/2.8 kwenye lenzi ya f/2.8, ili visu visisogee kabisa. Mwanga ukizidi, punguza kwa kichujio cheusi cha lenzi au kwa shata ya kasi zaidi. Njia nyingine ni kutumia lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha kwa mkono, ambayo kamera haina uwezo wa kuigusa.

Kwa picha zilizokwisha kupigwa, ffmpeg ina kichujio kiitwacho deflicker kinachosawazisha mwangaza:

`ffmpeg -framerate 25 -i p_%05d.jpg -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080,deflicker=size=10:mode=pm" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p tulivu.mp4`

Namba 10 ni idadi ya fremu zinazolinganishwa kwa pamoja, sawa na sekunde 0.4 za video. Ukiacha bila kuandika, hutumia 5. Ukiona bado kunapepesa, panda hadi 15 au 20. Usikimbilie 100, kwa sababu kwenye machweo mwanga unashuka kweli, na kichujio kitaanza kupigana na giza linaloingia.

Kichujio hiki kinapima wastani wa fremu nzima. Hakirekebishi rangi inayogeuka kutoka njano kwenda buluu. Hilo ni kosa la kuacha mizani ya rangi nyeupe kwenye otomatiki. Wala hakirudishi mawingu yaliyoungua yakawa meupe tupu. Na kama unapiga ndani, chini ya taa za mrija au za LED za bei nafuu, utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata iwe 1/50 au 1/100, au ndefu kuliko hizo. Mistari ikishaingia kwenye picha, deflicker haiiondoi, kwa kuwa kila fremu ina sehemu angavu na sehemu ya giza kwa wakati mmoja.

SWALI: Nina picha 2,300 lakini ffmpeg inanipa video ya sekunde 14 tu, halafu inakoma. Nikitumia njia ya nyota (*), zote zinaingia ila video inaanza katikati ya tukio. (Msomaji, Mwanza)

Haya ni makosa mawili tofauti, na yote yametoka kwenye majina ya mafaili.

La kwanza ni pengo. Ukitumia %04d (mahali pa namba ya tarakimu nne), ffmpeg inahesabu moja baada ya nyingine. Picha moja ikikosekana, labda uliifuta kwa sababu mtu alipita mbele ya lenzi, video inaishia palepale. Sekunde 14 ni fremu 350, basi angalia picha ya 351 utakuta haipo. Kosa la jirani yake ni namba ya kuanzia. Kama picha ya kwanza ni DSC_4312, ffmpeg itasema haikuona faili lolote kati ya 0 na 4, kwa sababu hapo ndipo inapotafuta usipoielekeza kwa -start_number 4312.

La pili ni mzunguko wa namba za kamera. Baada ya 9999, kamera nyingi hurudi 0001. Njia ya nyota, ile ya -pattern_type glob, hupanga kwa jina, kwa hiyo nusu ya pili ya tukio inatangulia. Acha majina ya kamera, panga kwa saa ambayo picha ilipigwa. Programu ya ExifTool inaisoma ndani ya faili lenyewe. Fanya kwenye folda ya nakala (hapa tumeiita nakala), kamwe usifanye kwenye picha zako asilia:

`exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d '%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e' nakala`

Sasa kila jina ni tarehe na saa, na mpangilio wa jina ndio mpangilio wa tukio. Kisha ingia kwenye folda hiyo uzipe namba zisizo na pengo kwa viungo (njia za mkato za mafaili), bila kunakili tena hata baiti moja ya picha:

`mkdir ~/safi; n=0; for f in *.JPG; do ln -s "$PWD/$f" "$(printf "$HOME/safi/p_%05d.jpg" $n)"; n=$((n+1)); done`

Tazama herufi: kamera nyingi huandika .JPG kubwa, simu huandika .jpg ndogo, na Linux huziona kama vitu viwili. Watumiaji wa Windows wajue pia kwamba glob kwa kawaida haifanyi kazi kwenye ffmpeg ya huko, hivyo namba zilizonyooka ndizo njia yao.

SWALI: Nikipiga machweo, nusu ya kwanza inatiririka vizuri. Giza likiingia, video inakimbia mara mbili. Nimeweka kipindi cha sekunde 5 tangu mwanzo. (Msomaji, Bagamoyo)

Kamera yako imeruka picha. Giza likiingia, shata ya otomatiki inarefuka, pengine hadi sekunde 5 au zaidi. Ikifika wakati wa picha inayofuata, kamera bado inaandika iliyopita, basi inaiacha hiyo na kungoja zamu ya baadaye. Kipindi kimekuwa sekunde 10 bila wewe kujua, na kwenye video mwendo unaonekana umeongezeka maradufu.

Hakikisha kipindi kinazidi shata ndefu kabisa kwa sekunde 2 au zaidi. Kwenye menyu ya kamera weka kikomo cha ISO kiwe juu kidogo ili shata isivuke sekunde 3. Zima pia usafishaji wa chengachenga kwa picha za shata ndefu. Huo hupiga picha ya pili ya giza kimyakimya baada ya kila picha, na muda unakuwa mara mbili. Karibu na ikweta jua huzama wima na mwanga unaisha kwa dakika ishirini na kitu. Hakuna nafasi ya kurekebisha mipangilio katikati.

SWALI: Watu na bodaboda kwenye video yangu ya sokoni wanachezacheza kama siafu waliochokozwa. Nimesikia kuna amri ya kulainisha mwendo. Ni ipi? (Msomaji, Kampala)

Ziko mbili, nazo hufanya kazi tofauti kabisa.

Wanachezacheza kwa sababu ulipiga kwa shata ya kasi, kila mtu ameganda, na kati ya picha mbili ameshatembea hatua kadhaa. Kinachohitajika ni ukungu wa mwendo. Sokoni, piga kwa wingi, kila sekunde 1, kisha changanya picha nne kuwa fremu moja:

`ffmpeg -framerate 100 -i p_%05d.jpg -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080,tmix=frames=4,framestep=4" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p soko.mp4`

Tunasoma picha 100 kwa sekunde, tmix inazichanganya nne nne, na framestep inachukua moja katika kila nne, ikibaki 25 kwa sekunde. Saa 1 ya soko, picha 3,600, inatoka sekunde 36. Mabanda yanabaki makali, watu wanakuwa kama moshi unaopita. Ukiona vivuli vinne vya mtu mmoja vilivyoachana, kipindi chako kilikuwa kirefu mno na tmix haitakusaidia.

Amri ya pili, minterpolate, hubuni fremu ambazo hukuzipiga:

`ffmpeg -framerate 10 -i p_%05d.jpg -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080,minterpolate=fps=25:mi_mode=mci:mc_mode=aobmc:vsbmc=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p mawingu.mp4`

Kwa mawingu na vivuli vya milima inapendeza sana. Kwa soko usiitumie. Inajaribu kukisia kila kipande cha picha kimehamia wapi, na watu wawili wakipishana, miguu ya mmoja inayeyukia kwenye kanga ya mwingine. Pia ni nzito, ndiyo sababu tumepunguza ukubwa wa picha kabla yake.

SWALI: Video inacheza kwenye laptopu, lakini nikiwatumia wenzangu kwenye simu wanaona weusi. Mara nyingine ffmpeg inakataa kabisa, inasema "height not divisible by 2". (Msomaji, Mombasa)

Picha za JPEG mara nyingi huhifadhi rangi kwa mpango ambao simu nyingi hazina uwezo wa kuucheza ndani ya video. Neno `-pix_fmt yuv420p` ndilo linaloubadilisha, na ndiyo maana halikosekani kwenye amri zetu. Mpango huu wa yuv420p unataka upana na kimo vigawanyike kwa 2. Andika scale=1920:-2, ffmpeg itatafuta yenyewe kimo kilicho shufwa; ukiandika -1 unaweza kuangukia namba witiri. Kwa video ya kutumwa, panda crf (namba ya ubora; ikipanda, ubora unashuka) hadi 23 ili faili liwe dogo, na ongeza `-movflags +faststart` ili ianze kucheza kabla haijamaliza kushuka.

SWALI: Sina kompyuta. Je, simu pekee inatosha? (Msomaji, Bukavu)

Inatosha. Weka Termux, terminali ya Android, kutoka F-Droid, duka la programu huria, kisha andika `pkg install ffmpeg`, halafu `termux-setup-storage` na uikubalie ruhusa. Picha zako utazikuta ~/storage/dcim/Camera; ingia humo kwanza kwa `cd ~/storage/dcim/Camera`. Simu nyingi huzipa majina yenye tarehe na saa, kwa hiyo glob hupanga sawasawa, na unaweza kuchagua saa moja tu ya siku, tuseme saa kumi na moja jioni:

`ffmpeg -framerate 25 -pattern_type glob -i 'IMG_20250614_17*.jpg' -vf "scale=1280:-2,crop=1280:720" -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p ~/jioni.mp4`

Alama za nukuu kwenye jina zisisahaulike. Bila hizo terminali inaifungua nyota kabla ya ffmpeg, na picha zako zinageuka kuwa majina ya mafaili ya kutoa. Ffmpeg itakuuliza kama iandike juu yake, na ukijibu ndiyo umezipoteza. Kabla ya kuanza andika `termux-wake-lock`, la sivyo skrini ikizimika Android itailaza kazi katikati. Itoe simu kwenye kava na usiichaji wakati huo, maana ikipata joto inapunguza kasi yake yenyewe. Ikimaliza, `cp ~/jioni.mp4 ~/storage/movies/` itaiweka pale galari inapoiona.