Maswali ya wasomaji: Sangara wakubwa wameenda wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi kijana wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, navua kwa migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) na siku za mapumziko natumia fimbo ya kuvulia. Siku hizi napata sangara wadogo tu, ila baba anasema enzi zake sangara mmoja alikuwa anabebwa na watu wawili kwa mti. Wameenda wapi? Na kweli sangara anakula watoto wake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako hakudanganyi, sangara akiachwa akue anakaribia mita 2 na anaweza kufika kilo 200. Ila kufika huko inataka miaka, na sisi hatumpi hiyo miaka. Dume linakomaa likiwa na kama sentimita 50 hivi, jike linachelewa zaidi, kwahiyo ukibeba wale wa sentimita 30 unabeba mabinti ambao hawajataga hata mara moja, na ndo maana sheria inakataza chini ya 50, sio kumkomoa mtu. Alafu kitu ambacho wengi hawajui, wale wakubwa kabisa karibu wote ni majike, na jike kubwa linabeba mayai mamilioni. Sasa kokoro, ule wavu wa kukokota, likipita kwenye maji ya pembeni ambako vitoto vinakulia linazoa vyote, mimi hilo linaniuma sana maana ni la mikono yetu wenyewe.

Kuhusu kula watoto ndio, anakula. Yeye sio kama sato ambaye anatunza watoto mdomoni, sangara anataga, mayai yanaelea na maji, basi, hajui yupi wake. Akiwa mdogo kabisa anakula vijidudu vya majini, akikua kidogo anahamia kwenye uduvi, kisha dagaa, furu (vile visamaki vidogo vya ziwani), na sangara wadogo. Anawinda hasa mwanga ukiwa hafifu, ukimmulika na tochi usiku utaona macho yanang'aa kama dhahabu, hayo macho yamewekwa kwa kazi hiyo. Kwahiyo na fimbo yako jaribu alfajiri au jua likizama, karibu na miamba.

SWALI: Mwalimu wetu wa Bukoba alisema sangara sio wa ziwa letu. Ni kweli?

JIBU: Kweli. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwao ni huko Nile, Ziwa Albert, Turkana, na hata mto Kongo yupo. Miaka ya 1980 ndo akalipuka, aina mamia za furu zikapungua na nyingine hazikuonekana tena. Viwanda vya minofu navyo vikaja, na sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa.

SWALI: Nikimvuta kutoka maji marefu anafika juu tumbo limevimba, nikimrudisha anaelea tu mpaka anakufa. Nakosea wapi?

JIBU: Hapo shida ni bondo, lile lile ambalo wachuuzi wanaligombania kwa ajili ya China. Kwa sangara mwenyewe bondo ni mfuko wa hewa wa kumsaidia asizame wala asielee, na hana njia ya kuitoa hiyo hewa haraka. Chini maji yanaukandamiza, ukimpandisha ghafla unatanuka na kusukuma tumbo hadi mdomoni. Kama nia yako ni kumrudisha basi vua maji mafupi, usimchoshe muda mrefu, na umtoe ndoano akiwa bado majini, kwasababu sangara anataka oksijeni nyingi kuliko samaki wengi. Mwanzoni mwa 2021 wakubwa walikutwa wanaelea wamekufa upande wa Uganda na Kenya, na wataalamu wakasema oksijeni ilishuka ziwani. Yule wa maji marefu ambaye tumbo limeshatoka, kama amefika kipimo, mpeleke nyumbani tu akaliwe.